Kazi kampuni ndogo ya ushauri: Dodoso, safari za Hanang na malipo ya kusubiri

Manyara. Kwenye tangazo la kazi iliandikwa “ofisa utafiti”. Mwezi wa kwanza haujaisha, kijana ameshaandaa zabuni usiku, amejumlisha risiti za mafuta na amebeba vishikwambi vinne kwenye bodaboda kutoka Katesh hadi kijijini.

Ndivyo zilivyo kampuni nyingi ndogo za ushauri, zile ambazo mtaani zinaitwa tu “konsaltansi”. Ofisi ni vyumba viwili, waajiriwa wa kudumu wanahesabika kwa vidole, na bosi ndiye mtaalamu mkuu, mhasibu na siku nyingine dereva. Ikipatikana kazi, mfano kutathmini mradi wa maji au lishe wa shirika fulani, wanaongezwa wadadisi wa kulipwa kwa siku. Kazi ikiisha, ofisi inarudi kuwa kimya.

Faida yake ni kwamba mtu anaiva haraka. Kwenye kampuni kubwa, mgeni anaweza kukaa mwaka mzima akisafisha data. Huku, ndani ya mwaka huohuo ameshasoma hadidu za rejea, ametunga dodoso, amelipeleka kijijini na ameandika ripoti yenye jina la bosi juu.

Kijijini huingii tu

Kabla ya swali la kwanza kuulizwa kuna barua. Inaanzia mkoani Babati au wilayani, inapita halmashauri, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Mmoja akiwa msibani, siku imeisha na posho ya wadadisi inaendelea kuhesabika.

Halafu kuna lugha. Mbulu wengi ni Wairaqw, Hanang kuna Wabarabaig, na bonde la Yaeda kuna Wahadzabe. Lugha zao hazina hata ukaribu: Kiiraqw ni Kikushi, Kibarabaig ni ya Kiniloti, na Kihadza haijawekwa kwenye familia yoyote. Dodoso la Kiswahili lililotungwa Dar es Salaam linafika kwa bibi wa Yaeda Chini kupitia mkalimani, na “kipato cha kaya kwa mwezi” kinageuka swali jingine kabisa.

Lipo pia swali la mifugo. Kumuuliza mfugaji ana ng’ombe wangapi ni kama kumuuliza mtu wa mjini salio lake la benki mbele ya majirani. Mdadisi mzoefu huliacha hadi mwisho, na hata hapo jibu analipokea kwa tahadhari.

Hanang wana sababu ya kumtilia shaka mgeni mwenye karatasi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mradi wa ngano uliofadhiliwa na Kanada na kuendeshwa na shirika la umma la NAFCO ulichukua ekari takriban 100,000 za malisho ya Wabarabaig, yakiwemo maeneo yenye makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani kwa sehemu kubwa ikawa upande wa NAFCO. Kwa hiyo mzee akiuliza “hii ardhi mnaiandika ya nini?” hapotezi muda wa mtu.

Na tangu maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023, yaliyoua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani, swali la kawaida kama “kaya ina watu wangapi” linaweza kumliza anayejibu. Kishikwambi hakina kitufe cha kusubiri. Mdadisi anatakiwa ajue mwenyewe kunyamaza.

Hela inakuja lini?

Hapa ndipo wengi wanaumia. Mteja hulipa kwa awamu: ripoti ya mwanzo, rasimu, kisha ripoti ya mwisho. Akirudisha rasimu mara tatu, awamu inasogea. Ikilipwa, inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kisha yanafuata madeni ya gari na pango. Mshahara unakuwa wa mwisho kwenye foleni, na jibu la ofisini ni “mteja hajalipa”.

Kisheria jibu hilo halitoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe ujira siku iliyokubaliwa, na deni la mteja ni lake yeye. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ingawa wiki ya kukusanya data ni nadra kuziheshimu.

Kinachobadilisha mambo ni karatasi aliyosaini kijana. Mkataba unaweza kuwa wa muda usiojulikana, wa muda maalumu au wa kazi maalumu. Wadadisi wengi huondoka stendi na ujumbe wa WhatsApp tu. Wenye uzoefu huuliza mapema: posho ya siku inajumuisha malazi? Siku ya mvua ambayo barabara ya Haydom haipitiki inalipwa? Pesa ikichelewa, nani anadaiwa?

Anayedai malipo yake anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mgogoro wa malipo unafikishwa ndani ya siku 60, wa kuachishwa kazi ndani ya 30. Ule ujumbe wa WhatsApp usifutwe, hata simu ikijaa.