Jean Lassalle: meya wa kijiji aliyegoma kula siku 39 kutetea kiwanda

Msikilizaji wetu, ukisikia neno meya huenda unafikiria jiji. Ufaransa si hivyo. Nchi ile ina manispaa zipatazo 35,000, na hata kijiji chenye watu mia moja na ushee kina meya wake. Ndiyo njia aliyopita Jean Lassalle, mtoto wa mchunga kondoo, hadi jina lake likafika kwenye kura ya urais mara mbili.

Lassalle alizaliwa mwaka 1955 Lourdios-Ichère, kijiji cha milima ya Pyrénées, karibu na mpaka wa Hispania. Mwaka 1977, akiwa na miaka 21, akawa meya wa hapo. Mwaka 1982 akaongeza kiti katika baraza la mkoa, na mwaka 2002 akawa mbunge, umeya akiwa nao bado. Sheria iliruhusu. Ilipokuja kukatazwa mbunge kuwa meya, mwaka 2017, ndipo akakiachia kiti cha kijiji, baada ya miaka 40.

Bungeni alijulikana mapema. Juni 2003, Nicolas Sarkozy, wakati huo waziri wa mambo ya ndani, akiwa anajibu maswali, Lassalle alisimama akaimba kwa lugha ya kwao. Alikuwa analalamikia askari waliopunguzwa karibu na handaki la Somport, jimboni kwake. Ndiyo, aliimba!

Lakini jambo kubwa ni la mwaka 2006. Katika bonde lao, mjini Accous, kulikuwa na kiwanda cha Toyal, mali ya Wajapani, cha kutengeneza unga wa alumini. Watu wapatao 150 walikitegemea kwa ajira. Kampuni ikapanga kujenga sehemu mpya Lacq, umbali wa kilomita kama 65. Lassalle akaona kwamba sehemu mpya ikienda, na ya zamani itafuata, na bonde litabaki na wazee. Tarehe 7 Machi akaacha kula, akakaa ndani ya jengo la Bunge. Siku ya 39, akiwa amepungua zaidi ya kilo 20, alikimbizwa hospitali. Siku hiyohiyo, baada ya serikali kuingilia kati, kampuni ilikubali kubaki Accous.

Si wote waliompigia makofi. Lacq walikuwa na gesi, nayo ilikuwa inaisha, kwa hiyo nao walizitaka ajira hizo. Na sisi tunajiuliza: angegoma kula mfanyakazi wa kawaida wa kiwanda kile, nani angempigia simu mwenye kampuni?

Mwaka 2013 alizunguka Ufaransa kwa miguu kwa miezi kadhaa, akisikiliza watu. Kugombea urais kule kunahitaji saini 500 za viongozi waliochaguliwa, na mameya wa vijiji ndio wengi. Alizipata. Mwaka 2017 alipata kura kama 435,000. Mwaka 2022 zikapita milioni 1.1, asilimia 3 hivi.

Duru ya pili ya mwaka huo hakuwamo. Alifika kituoni kijijini kwake, akajirekodi kwa video akitangaza kwamba hapigi kura. Baraza la Katiba likafuta matokeo ya kituo kizima, kura za majirani zake zikiwemo.