Kumtafuta Babu Mjerumani Ukiwa Bariadi

Ukoo unaosimulia kwamba babu wa babu yao alikuwa Mjerumani uanzie utafiti nyumbani, kwa wazee, kabla ya kuandikia ofisi yoyote ya Berlin. Wengi hukimbilia jina, maana ndilo lililobaki midomoni. Lakini kumbukumbu za zamani za Ujerumani zilitunzwa parokia kwa parokia, mji kwa mji, na akina Schmidt hawana idadi. Usipojua alizaliwa wapi, jina peke yake halikufikishi mbali.

Basi muulize bibi: alikuwa askari, mmisionari au mfanyabiashara? Alikuja kabla ya vita vya 1914 au baadaye? Waingereza waliwafukuza Wajerumani baada ya vita, wakaja kuwaruhusu kurudi mwaka 1925, kwa hiyo jibu hilo tu hupunguza kazi kubwa. Tena usitafute faili lenye jina la Simiyu, mkoa ilipo Bariadi. Mkoa huu umeundwa 2012. Enzi za Mjerumani Usukuma ulitawaliwa kutoka Mwanza. Mafaili yaliyobaki nchini yamo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ya wizara ya makoloni yapo Bundesarchiv, Berlin.

Kuna jambo linalouma. Mwaka 1906 ndoa kati ya Wazungu na Waafrika zilipigwa marufuku katika koloni hili, hivyo mtoto wa mama Msukuma aghalabu hakuandikwa popote kwa jina la baba yake. Na kwa desturi ya Kisukuma, mtoto ambaye mama yake hakutolewa mahari ni wa ujombani. Kwa hiyo ukikosa jina lake daftarini, usimwite bibi mwongo. Jaribu madaftari ya ubatizo ya misheni.

Ukishapata mji wa kwao, mambo hubadilika. Tangu 1876 vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa serikalini kote Ujerumani. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa, vinavyotaja hata kazi ya baba na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Rekodi za vizazi hufunguliwa kwa kila mtu baada ya miaka 110, ila mzao wa moja kwa moja anaweza kuomba mapema.

Soma polepole. Katika mwandiko wa zamani e hufanana na n, na u huwekewa kikunjo juu isichanganywe na n. Ukiona 7ber, hiyo ni Septemba, kwa hesabu ya Kilatini. Anayeisoma Julai ataondoka na mtoto wa watu wengine.