Kompyuta inaweza kuamsha nyumba nzima kwa muziki, lakini nayo hulala

Wanafunzi, wafanyabiashara na wasafiri wengi wa mashariki mwa Kongo huamka kabla ya jua kuchomoza. Mwenye kompyuta anaweza kuitumia kama saa ya kuamsha, ikapiga wimbo anaoupenda badala ya kelele za simu. Lakini umeme unaokatika usiku, saa za Kinshasa na usingizi wa mashini yenyewe vinaweza kumfanya mtu akose mtihani ama boti.

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, siku huanza gizani. Mama anayekaanga maandazi huwasha makala saa kumi alfajiri. Mfanyabiashara anayevuka ziwa Kivu hutaka kufika bandarini mapema. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari anayejitayarisha kwa mtihani wa serikali, ule unaoitwa Exetat, hurudia masomo saa ambayo wadogo zake bado wamelala na nyumba imetulia.

Wote hao wanategemea jambo moja: kuamka kwa wakati. Wengi hutumia simu, lakini simu ina matatizo yake. Ile ndogo hulia kwa sauti nyembamba ambayo mtu aliyechoka haisikii. Ile kubwa, batri yake huisha usiku kama jioni hakukuwa na umeme wa kuijaza. Tena simu iliyo chini ya mto ni rahisi kuizima kwa kidole, macho yakiwa yamefungwa, na usingizi ukaendelea.

Kompyuta, ama ordinatere kama inavyoitwa mitaani, inaweza kusaidia hapo. Ina vispika, ina nafasi ya kuweka mamia ya nyimbo, na inaweza kuwekwa upande wa pili wa chumba, mahali ambapo mtu analazimika kusimama na kutembea ili aizime. Akishasimama, nusu ya kazi imekwisha.

Wimbo badala ya kengele

Saa za kuamsha si jambo la leo. Mwaka 1787, fundi wa saa wa Marekani, Levi Hutchins, alijitengenezea saa iliyopiga kengele saa kumi alfajiri tu, kwa sababu ndiyo saa aliyotaka kuamka. Mwaka 1847, Mfaransa Antoine Redier alipata hataza ya saa ambayo mwenyewe angeweza kuipanga ilie wakati autakao. Hazikuhitaji umeme, na hazikulala.

Kengele humshtua mtu. Anaamka, lakini kichwa bado ni kizito, mikono milegevu na mawazo hayajapangika. Wataalamu wa usingizi wanaujua vizuri ulegevu huo. Unaweza kudumu dakika chache ama nusu saa, mara nyingine zaidi. Kwa mtu anayepaswa kuendesha pikipiki ama kufanya hesabu mara tu baada ya kuamka, si jambo dogo.

Mwaka 2020, watafiti wa chuo kikuu cha RMIT cha Melbourne, nchini Australia, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya sauti zinazoamsha watu. Waliuliza watu 50 wanaamshwa na sauti ya namna gani na wanajisikiaje baada ya kuamka. Wale waliosema kwamba sauti yao ina melodia, yaani mtu anaweza kuifuata kwa kuimba, waliripoti ulegevu mdogo zaidi. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo na ulitegemea maelezo ya watu wenyewe, kwa hiyo hauthibitishi kila kitu. Lakini unakubaliana na jambo ambalo wengi wameliona nyumbani: kuamshwa na gitaa si sawa na kuamshwa na filimbi.

Na kwa muziki, Kongo haina njaa. Rumba, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, mara nyingi huanza polepole kwa gitaa na sauti laini, kisha inapanda hadi sehemu ya kucheza. Mpangilio huo unafaa sana kwa kuamsha: mwanzo unamgusa mtu bila kumshtua, na mwisho haumruhusu kulala tena. Wengine watachagua nyimbo za kwaya, wengine gitaa la Katanga la zamani la Jean-Bosco Mwenda.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Wimbo wa kubembeleza tangu mwanzo hadi mwisho unaweza kumrudisha mtu usingizini. Na wimbo anaoupenda kupita zote, ukimwamsha kila siku, baada ya majuma machache anaweza kuuchukia. Ni heri kupanga nyimbo kadhaa na kuzibadilisha.

Mashini inayolala

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anapanga saa yake, anafunga kifuniko cha kompyuta, anaenda kulala akiwa na amani. Asubuhi hakuna kilicholia. Kompyuta haikuharibika. Nayo ilikuwa imelala.

Kompyuta nyingi zimepangwa zilale zenyewe zikikaa dakika kadhaa bila kuguswa, ili kuhifadhi batri. Kwenye mashini zilizo katika lugha ya Kifaransa, hali hiyo inaitwa veille. Nyingi hulala pia mara tu kifuniko kinapofungwa. Programu ya saa inayokuja na Windows, yenye jina Horloge, ina sehemu ya kuamsha, lakini kwenye kompyuta nyingi inalia tu ikiwa mashini iko macho.

Kuna njia mbili za kutatua tatizo hilo. Ya kwanza ni nyepesi: kuikataza kompyuta isilale usiku huo. Katika sehemu ya umeme ya Windows, inayoitwa Options d'alimentation, mtu anachagua kwamba mashini isilale kamwe ikiwa imeunganishwa na umeme. Kioo kinaweza kuzimika, hilo halizuii muziki. Kifuniko kibaki wazi.

Njia ya pili ni kuipa kompyuta amri ya kuamka yenyewe. Windows ina programu inayoitwa Planificateur de tâches, yaani mpangaji wa kazi. Mtu anaandika saa, kisha anaonyesha programu ya kufungua, kwa mfano VLC, pamoja na faili ya wimbo ama orodha ya nyimbo. Kisha anaweka alama mahali panaporuhusu kazi hiyo kuiamsha mashini. Wanaotumia Linux wana programu inayoitwa rtcwake, ambayo inailaza kompyuta na kuipangia saa ya kuamka.

Nyimbo ziwe ndani ya kompyuta yenyewe. Anayetegemea wimbo wa kwenye intaneti anaweza kuamka kwa kimya, kwa sababu mtandao umepotea usiku ama megabaiti zimekwisha.

Umeme ukikatika

Katika Planificateur de tâches kuna mtego ambao watu wa huku wanapaswa kuujua kuliko watu wa Ulaya. Kila kazi mpya inayopangwa huja na sharti lililokwisha wekewa alama: kazi ianze tu ikiwa kompyuta imeunganishwa na umeme. Basi, umeme ukikatika saa nane usiku, kompyuta inabaki na batri iliyojaa, saa inafika, lakini muziki haulii. Alama hiyo iondolewe. Vilevile, ruhusa ya kuamka yenyewe imegawanyika mara mbili, moja kwa umeme na nyingine kwa batri. Zote mbili zifunguliwe.

Kompyuta ya mezani ni tatizo zaidi, kwa kuwa haina batri ya kuiendesha. Umeme ukiondoka, nayo imezimika, na hakuna wimbo. Katika mtaa ambao umeme hukatika mara kwa mara, kompyuta ya kubeba ndiyo ya kuaminika, na batri yake iwe bado nzima. Batri iliyochoka, inayodumu dakika ishirini tu, haiwezi kukesha.

Kuna pia batri nyingine ndogo, ya mviringo kama sarafu, ndani ya mashini. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni ile yenye namba CR2032. Kazi yake ni kuilinda saa ya kompyuta wakati mashini imezimwa. Kwenye kompyuta za mitumba mara nyingi imekwisha kufa. Dalili yake ni rahisi: mashini ikikaa bila umeme kisha ikiwashwa, inaonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita. Kompyuta isiyojua ni mwaka gani haiwezi kujua ni saa ngapi ya kuamsha mtu. Kwenye mashini nyingi, fundi anaweza kuibadilisha kwa muda mfupi.

Saa za Kinshasa, saa za Goma

Kongo ina saa mbili. Kinshasa na magharibi hufuata UTC+1. Kivu, Ituri, Maniema na Katanga hufuata UTC+2, ambayo watu huita saa za Lubumbashi. Kompyuta iliyopangwa kwa saa za Kinshasa ikiambiwa iamshe saa 05:00, hapa Goma italia saa 06:00. Mwanafunzi atakuwa amepoteza saa nzima, na msafiri atakuta boti imeng'oa nanga.

Mashini zilizonunuliwa nje zina tatizo kama hilo kwa upande wa pili. Iliyotoka Kampala inaweza kuwa bado kwenye UTC+3, na iliyotoka Dubai kwenye UTC+4. Hizo zitamwamsha mtu saa moja ama mbili kabla ya wakati. Kwenye Windows, mkaaji wa mashariki anaweza kuchagua mstari ulioandikwa UTC+02:00 wenye majina ya Harare na Pretoria. Kwenye Linux, mji wa kuchagua ni Lubumbashi, si Kinshasa.

Tena kuna hesabu ya Kiswahili. Anayesema saa kumi na moja alfajiri anapaswa kuandika 05:00, si 11:00. Saa kumi alfajiri ni 04:00, saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00. Ikiwa kompyuta iko katika Kiingereza na inatumia AM na PM, alfajiri ni AM. Anayekosea akaandika PM ataamshwa jioni.

Jaribio la jioni

Hata yote yakipangwa vizuri, mambo madogo yanaweza kuharibu. Vifaa vya masikioni vikibaki vimechomekwa, wimbo utalia humo na hakuna atakayeusikia. Kispika kisicho na waya mara nyingi hujizima chenyewe kikikaa kimya muda mrefu. Sauti iliyopunguzwa jioni kwa ajili ya filamu hubaki chini hadi asubuhi. Na kompyuta iliyojizima na kujiwasha tena usiku kwa ajili ya kusasisha Windows hubaki ikingojea neno la siri, na mara nyingi kazi iliyopangwa haianzi kabla mtu hajaingia.

Dawa ni moja: kujaribu. Jioni, kabla ya kulala, mtu apange wimbo ulie baada ya dakika kumi, ailaze kompyuta, aondoe waya wa umeme kama vile umeme umekatika, kisha angoje. Ikilia, arudishe waya na apange saa ya kweli. Isipolia, ana muda wa kutafuta kosa akiwa macho.

Kompyuta isiwekwe juu ya godoro wala ndani ya chandarua, kwa maana inahitaji hewa ili isipate joto kali. Iwe juu ya meza ama kiti. Na katika mitaa ambayo nyumba ni za mbao, sauti inayoamsha chumba kimoja inaamsha pia majirani. Sauti ya kiasi, ikianza polepole, inatosha kumwamsha mwenyewe bila kuleta ugomvi asubuhi.

Kwa siku za kawaida, kompyuta iliyojaribiwa inaweza kufanya kazi hiyo vizuri. Lakini kuna asubuhi ambazo hazirudi: ya mtihani wa serikali, ya safari, ya kwenda kuonana na daktari mbali. Kwa siku hizo, mtu asiiachie mashini moja peke yake. Apange kompyuta, apange na simu, kisha aombe mtu amgongee mlango. Mama wa maandazi, ambaye saa kumi alfajiri tayari yuko mbele ya makala, hahitaji umeme wala hesabu ya UTC kujua kwamba mtoto wa nyumba ya pili bado hajaamka.