Objektifu ya zamani mu galeri

Bandugu, wengi walitucheka tulipofunga Helios 44-2, objektifu ya Kirusi ya zamani, ku aparei ya Sony A7. Fundi wa foto mmoja mzee wa hapa Kalemie, mwenye alifunga studio yake, alitupatia bure. Tulinunua tu bagi ya kuunganisha. Haina kioo ndani. Inasogeza objektifu mbele, sababu aparei za zamani zilikuwa na kioo cha kugeuza katikati.

Ku menu, ruhusu kupiga bila objektifu, kwani aparei haiitambui. Pete unazungusha kwa mkono, na alama za rangi zinakuonyesha mahali foto iko wazi.

Tuliihitaji kwa nguzo iliyopasuka. Tulipeleka foto ya telefone kwa wakubwa, wakasema ni kivuli. Basi tukarudia: aparei juu ya miguu tatu, tukafunga mpaka 5,6, tukangoja sekunde mbili bila kugusa. Lampe ya kofia isimulike kioo, Helios inapauka haraka. Na wenzetu wa makaa ya mawe, penye gesi musiingize aparei ya batri hata kidogo.

Mara hii ufa ulionekana mpaka nyuzi za mti. Ijumaa nguzo ilibadilishwa. Ya pili, ile ya karibu na mlango, tungali tunaidai.