Falanga ya mgodi inapotelea wapi? Mizani, deni na buvette

Katika miji ya madini kuna jambo wakaaji wanalijua tangu zamani. Mtu anatoa shimoni mawe ya mamia ya dola, na kisha wiki moja anakopa unga wa bukari. Jirani wanasema: "Amekunywa yote." Mara nyingi hiyo ni nusu tu ya habari. Falanga nyingi imekwisha kupotea kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.

Mji uliozaliwa na shaba

Lubumbashi yenyewe ilianza hivyo. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika karibu na mgodi wa Étoile, mahali wenyeji waliita Kalukuluku, na Wabelgiji wakapanga hapo mji wa Élisabethville. Mwaka 1911 Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba. Kwa reli hiyo walikuja mafundi, wachuuzi, wenye baa, na wale waliotaka kuishi kwa jasho la wengine.

Haikuwa Katanga peke yake. Dhahabu ilipoonekana California mwaka 1848, mwenye duka Samuel Brannan alitajirika kwa kuuzia wachimbaji majembe na karai. Wachimbaji wengi walirudi kwao mikono mitupu. Tangu wakati huo mambo hayajabadilika sana: anayekaa juu, penye mizani, ndiye anayepata faida ya kwanza.

Mizani na mashine

Mwaka 2014, katika kartie ya Kasulo, Kolwezi, kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu. Wengine walichimba hata ndani ya vyumba vyao. Mawe yalipelekwa kwenye depo, na ni hapo bei inaamuliwa kwa vitu viwili: uzito, na kiwango cha madini ndani ya jiwe, kile wachimbaji wanaita teneur.

Teneur inapimwa na mashine ndogo ya mkononi ambayo wengi wanaiita Metorex. Inapiga miali kwenye jiwe au unga wake na kuonyesha asilimia. Mashine inasoma kile tu kilichowekwa mbele yake. Mnunuzi akichagua mawe maskini ya juu ya gunia, asilimia inashuka. Akificha kioo na kutaja namba kwa mdomo, mchimbaji hana la kujibu. Mwaka 2016 Amnesty International iliandika kwamba wachimbaji hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakikisha uzito wala kiwango.

Tuchukue mfano, si bei ya leo. Depo inalipa dola 1 kwa kilo yenye 3%, na senti 60 kwa yenye 2%. Kikundi kimeleta kilo 500 za 3%: haki yao ni dola 500. Mashine "inasoma" 2%, na mizani inakata kilo 5 kwa kila 100. Sasa ni kilo 475 kwa senti 60, yaani dola 285. Dola 215 zimeenda, na hakuna aliyelewa.

Deni ya patron, deni ya buvette

Kwa nini hawapeleki mawe kwingine? Kwa sababu wengi wamefungwa na deni. Shimo linaweza kuchukua wiki nyingi kabla ya kutoa kitu. Wakati huo patron ndiye ananunua chakula, kamba, tochi na nyundo. Mawe yakitoka, lazima auziwe yeye, kwa bei yake.

Buvette inafuata njia ileile. Simba na lutuku vinatolewa kwa kitabu, na malipo ni "siku ya production". Lakini tusimtupie mama wa buvette kosa lote. Naye amekopa bidhaa zake. Bei ya kobalti ilipita dola 90,000 kwa tani mwanzoni mwa 2018, kisha katikati ya 2019 ikawa chini ya dola 30,000. Bei ikianguka hivyo, wachimbaji wanahamia mgodi mwingine, naye anabaki na kitabu kilichojaa majina.

Dhahabu ya bei rahisi

Kwa dhahabu, udanganyifu unageuka: sasa anayeliwa ni mnunuzi. Shaba ikichanganywa na zinki inang'aa kama dhahabu. Hata matajiri wanaanguka. Februari 2011, ndege binafsi ya wanunuzi wa dhahabu kutoka Marekani ilikamatwa Goma. Abiria waliwekwa ndani, na mamilioni ya dola yakapotea.

Kuna jaribio moja rahisi. Pima kipande kikiwa kikavu, kisha kipime kikining'inia ndani ya maji. Dhahabu safi ya gramu 38.6 inapunguza kama gramu 2 tu ya uzito. Mchanganyiko wa shaba na zinki unapunguza zaidi ya gramu 4. Lakini tahadhari: madini ya tungsten yana uzito karibu sawa na dhahabu, kwa hiyo jaribio hili halitoshi kwa vipande vikubwa.

Nini kinaweza kusaidia

Kwa mizani, bidon ya manjano inatosha. Ipime tupu, jaza lita 20 za maji, pima tena. Tofauti lazima iwe kilo 20. Ikiwa 18, mizani inaiba.

Kwa teneur, changanya mawe ya juu na ya chini ya gunia, twanga sehemu, na upeleke unga uleule kwenye depo mbili. Omba kuona namba kwa macho yako.

Kwa deni, kikundi kiandike kitabu chake kuanzia siku ya kwanza: kila kilichopokelewa, tarehe na bei, patron akiwa anaona. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai wachimbaji wa mkono wawe ndani ya koperative. Koperative yenye mizani yake, mashine yake na kitabu chake inaweza kukataa bei mbaya. Mtu mmoja mwenye njaa, na gunia begani, hawezi.

Na mgao wa nyumbani utolewe palepale depo, kabla ya kufika buvette.