Manemane: Mali Iliyofichwa Katika Miiba

Msafiri atokaye Wajir kwenda Mandera wakati wa kiangazi huona pande zote vichaka visivyo na majani, ambavyo matawi yake huishia katika ncha kali kama sindano. Mkulima wa Nyeri au Kakamega akiviona atasema kwamba nchi hiyo haifai kitu. Walakini kati ya vichaka hivyo umo mmea utoao manemane, ile ile ambayo Injili ya Mathayo yasema kwamba mamajusi walimletea mtoto Yesu pamoja na dhahabu na uvumba.

Mmea wenyewe ni mfupi, na kwa kawaida haupiti mita 4. Gome lake likipasuka, au likitobolewa na wadudu, hutoka utomvu wa manjano. Utomvu huo ukikauka huwa madonge ya rangi ya hudhurungi, yenye harufu nzuri lakini machungu sana ulimini. Ndiyo maana Waarabu huiita murr, yaani chungu. Wasomali huiita malmal.

Wenyeji wa huko tangu zamani huiloweka majini, wakaosha vidonda na kusukutua kinywa ufizi unapouma. Mwanamke mja mzito hapaswi kuinywa. Uko na utomvu wa mmea wa jamii hiyo hiyo, uitwao hagar, ambao wafugaji huuchanganya na maji na kuwapaka mifugo ili kuwakinga na kupe. Mwenye josho la dawa za dukani asicheke, kwa sababu wataalamu walioujaribu wameona kwamba kweli hufukuza kupe. Tena, mwaka 1996 wataalamu wa Italia walitangaza kwamba manemane ilipunguza maumivu katika panya waliowajaribia. Msomaji wa Injili ya Marko atakumbuka ile divai iliyotiwa manemane, aliyopewa Yesu kabla ya kusulubiwa, naye akaikataa.

Jambo kubwa kwa mfugaji ni kwamba utomvu huu huokotwa hasa wakati wa ukame. Ng'ombe anapokosa maziwa, na mbuzi aliyekonda hana mnunuzi, mchungaji aweza kurudi jioni na mfuko wenye chochote cha kununulia unga. Manemane yake husafiri mbali, hata China kwa waganga na Ulaya kwa watengenezaji wa manukato.

Ni ajabu basi kwamba wengi huuza kwa bei ya chini kwa makosa yao wenyewe. Huchanganya manemane na hagar, vipande vya gome na mchanga, na mfanyabiashara huhesabu mzigo wote kuwa mbaya. Kosa baya zaidi ni la wale wenye haraka, ambao hulikata gome kwa panga hadi kwenye mti wa ndani. Hupata utomvu mwingi mwaka huo, kisha kichaka huoza na kufa. Wazee huokota ule uliotoka wenyewe, huuanika kivulini, huuchambua donge kwa donge, na kuuweka katika gunia la katani lipitishalo hewa.