Makaa Ndani ya Mboji ni Nyumba ya Vijidudu

Mkulima, chukua udongo mzuri wa kujaa kijiko kimoja. Humo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na wingi wao hupita hesabu ya watu wote wa Kenya. Kazi yao ni kuozesha majani na samadi hata viwe chakula cha mimea.

Katika vilima vya Manga, na katika mashamba ya skimu kule Borabu, ardhi hulimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa. Mvua huchukua rutuba, udongo huwa mchachu, na vijidudu hupungua. Dawa moja iliyo karibu ni makaa ya takataka za shamba, ambayo wataalamu huyaita bayocha.

Kipande cha makaa kina vitundu vingi vidogo sana. Humo hukaa maji na hewa, na vijidudu hupata maficho. Tena, katika mboji, makaa hushika naitrojeni ambayo ingepotea hewani.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008, uliofanywa katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba makaa yaliongeza mavuno ya mahindi, na mashamba yaliyochoka kabisa ndiyo yaliyofaidi zaidi.

Fanya hivi. Chimba shimo, uchome humo magunzi makavu ya mahindi. Kabla hayajawa majivu, yazime kwa maji. Yaponde yakiwa bado na maji, vumbi lisiingie kifuani. Changanya debe 1 la makaa na madebe 9 ya majani, mabua na samadi. Lowesha, kisha funika kwa majani ya migomba. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa kikiwa cha moto, vijidudu vinafanya kazi. Pindua kila baada ya majuma mawili au matatu. Mboji ikiwa baridi, nyeusi, na yenye harufu ya udongo, iko tayari.

Usitie makaa matupu shambani. Yatanyonya chakula cha mimea, na mahindi huenda yakawa ya manjano.

Wala usiyapeleke kwenye chai. Chai hupenda udongo mchachu, na makaa hupunguza uchachu. Wakulima wa chai wajua jinsi miche inavyodhoofu mahali palipokuwa na nyumba ya zamani na majivu ya jiko. Mboji hii ni ya mahindi, migomba na mboga.

Jaribu kwanza mistari michache, na mingine iache bila makaa. Wakati wa mavuno, pima kila upande kwa debe. Shamba lako mwenyewe litakupa jibu.